Kempa ya Hiace ya 1998, imetembea km 61,000 tu: fundi kasema breki nzima, mbona mie nina wasiwasi?

Baba Tausi

Wakuu habari za jioni, natumai humu wote wazima. Nimejibana kama miaka minne hivi hatimaye nikapata kempa (gari la kulala safarini) ya Hiace, ile bodi ndefu yenye paa la juu, ya 1998, injini ya 1KZ dizeli, gia otomatiki, imetoka Japani ikiwa imesoma km 61,000 na karatasi za ukaguzi wa kule zinakubaliana na dashibodi kwa hiyo sidhani kama mita imechezewa. Ndani ukiingia utasema jana ndo imetoka dukani, vitanda, friji, sinki, pazia mpaka zile ndoano za kutundikia taulo bado zina plastiki.

Sasa bwana, nina wiki tatu naendesha mjini na kuna vitu vinaninyima usingizi. Asubuhi nikikanyaga breki mara ya kwanza pedali inaenda chini sana, nikikanyaga ya pili fasta inakuwa ngumu kama kawaida. Nikishika breki ghafla gari inavuta kushoto. Na kwenye matuta inayumba kama mtumbwi, ukivuka tuta moja inaendelea kusalimia mpaka unafika tuta la pili.

Nimepeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani, akafungua matairi ya mbele tu, akaangalia pedi akasema "mzee hizi pedi mpya kabisa, gari halijatembea hili, nenda zako kwa amani". Ya nyuma hakufungua, kasema drumu (yale makopo ya chuma yanayofunika breki za nyuma) zimegoma kutoka na hakuna haja.

Disemba nataka kuipeleka familia, tuko watu watano, Dar mpaka Matema kule Kyela. Maana yake Kitonga, halafu ule mteremko wote wa Tukuyu kushuka ziwani. Je, km 61,000 si ndo gari jipya kabisa? Au nina hofu ya bure? Na kama kuna vya kubadili, spea za mtumba za Shauri Moyo zinafaa au ninunue mpya?

---

Mtoto wa Kurasini

Toyota hiyo mkuu, tena 1KZ. Weka mafuta uondoke. Hizo ndo daladala zilikuwa zinapiga Mbagala miaka na miaka, breki zenyewe za kuunga unga na hazikufa. Utakula hela kwa mafundi bure.

---

FundiKihonda

Baba Tausi usimsikilize huyo wa juu, na nasema kwa upendo. Daladala ya Mbagala ilikuwa inafunguliwa breki kila baada ya wiki kadhaa, kila kitu kinachoweza kukatika kilishakatika kikabadilishwa, kwa hiyo ile gari ni mzee mwenye viungo vipya. Ya kwako viungo vyote ni vya 1998. Gari la km 61,000 kwa miaka zaidi ya 25 hesabu mwenyewe, ni kama km 2,300 kwa mwaka, maana yake lilikuwa linatoka likizo mbili tatu halafu linarudi kusimama. Breki hazipendi kusimama. Pedi na liningi vinaliwa na kilomita, hapo fundi wako hakukosea, ila mpira, oili na kutu vinahesabu miaka, havijui kama uliendesha au ulipaki.

Nianze na pedali. Kuna tabia tatu na watu wanazichanganya. Ikienda chini mara ya kwanza halafu ya pili inapanda na kuwa ngumu, hiyo ya kwako, mara nyingi ni brekishuu za nyuma (vile vipande vyenye liningi vinavyosugua drumu) ziko mbali na drumu kwa sababu ile skrubu inayojirekebisha yenyewe imeshikwa na kutu, unakanyaga mara ya kwanza oili inatumika kusogeza shuu tu. Ikiwa laini laini kama unakanyaga sponji hiyo mara nyingi ni upepo kwenye oili. Na ukikanyaga ukashikilia kwenye foleni ikawa inazama taratibu mpaka chini na nje hakuna kinachovuja, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inapitisha kwa ndani. Kwa hiyo nakwambia fungua nyuma, tena kuanzia kesho. Drumu kugoma kutoka si sababu ya kuacha, ndo sababu yenyewe ya kufungua! Drumu za Hiace zina matundu mawili ya bolti, unakaza bolti za milimita nane pole pole pande zote drumu inajisukuma yenyewe, hakuna haja ya nyundo kubwa.

Ukishafungua usiangalie liningi peke yake. Shika ule mpira wa vumbi kwenye wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma shuu, uufunue kwa bisibisi ndogo. Ukikuta unyevu ndani, silinda imeshaanza kuvuja hata kama nje kukavu. Nimefungua nyingi za namna hii, liningi mpya, silinda imelia machozi imelowesha liningi yote upande mmoja. Hapo hakuna kuosha na petroli ukarudisha, liningi ikishanywa oili ni ya kutupa, na unabadili pande zote mbili.

Kuvuta kushoto: ama kushoto inashika kupita kiasi ama kulia haishiki. Mbele angalia zile pini ambazo kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, inatelezea juu yake. Grisi ya miaka ishirini inakuwa gundi, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inaisha na ya nje inabaki nzima, na fundi akichungulia kwa nje anaona ile nzima anakwambia mpya. Na diski zisome unene, zimeandikwa kiwango cha chini kwenye chuma chenyewe. Ukiona mashimo mashimo ya kutu pale pedi inapopita usizichonge mara mbili tatu kutafuta usafi, weka mpya.

Halafu kuna kitu mafundi wengi wanakiruka kabisa. Juu ya eksili ya nyuma kuna valvu yenye fimbo imeshikana na eksili, wengine tunaiita LSPV. Kazi yake ni kupima mzigo, gari likiwa zito linakaa chini, fimbo inasukuma, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari likiwa limekaa miaka ile fimbo inaweza kushikwa na kutu, basi hata ukipakia mzigo nyuma inabaki na presha ndogo, mbele ndo inafanya kazi kubwa. Mjini hutajua. Kitonga utajua.

Kuhusu mtumba: taa, mlango, kioo, hata springi, kanunue mtumba hakuna shida. Lakini kitu chochote cha breki chenye mpira, na shokapu, mtumba ni kutoa mzee kuingiza mzee mwenzake. Silinda ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule wa lako.

---

KombiNanyuki

Niaje wakubwa, salamu kutoka Kenya. Mimi yangu si Hiace ni Kombi ya 1978 lakini kisa ni kile kile kwa hivyo wacha niongeze. Niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ilikuwa imekaa kwa shedi huku Nanyuki miaka kumi na moja, maili chini kabisa, body safi. Mech wangu akatoa upepo, akaweka oili mpya, tukaizungusha compound breki zinashika kama kawa. Nikafurahi.

Wiki ya pili naelekea Naivasha kwa ile barabara ya chini, nikiteremka kuelekea Mai Mahiu nikasikia harufu kama ya raba inaungua, nikadhani ni lori iliyo mbele. Baadaye kidogo gari ikawa nzito, halafu nakanyaga pedali haina kitu, inaenda mpaka kwa floor. Bahati nilikuwa pole na nikawahi kuingiza gia ya pili halafu nikaiegemeza kwa kingo ya ndani. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa inatoa moshi.

Yenyewe yalikuwa makosa mawili. Ya kwanza ile hosi ya mpira ya breki ilikuwa imevimba kwa ndani, nje ni safi hata huwezi shuku, inaruhusu oili ipite ukikanyaga lakini ukiachilia hairudi. Breki ikakaa imeshika hadi ikachemsha oili. Test yake ni rahisi: inua tairi kama inazunguka kwa ugumu, fungua kidogo kile kinati cha kutolea upepo. Ikiachilia, shida ni presha imekwama kwa hosi. Isipoachilia, ni kalipa yenyewe imeshika.

Ya pili ni ile kutoa upepo. Mech alikuwa anapiga pedali mpaka chini kabisa, pap pap pap. Kwa gari ya kawaida sawa. Lakini kwa gari ambayo imesimama, zile raba za ndani ya masta silinda zimezoea kutembea sehemu ya juu tu, huko chini kumejaa kutu, ukizisukuma huko zinakwaruzwa. Siku hizi naweka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. Ningejua mapema singenunua masta silinda mbili kwa mwaka mmoja.

Baba Tausi hosi zote badilisha. Usiulize ziko aje, badilisha tu.

---

Baba Tausi

Aisee jamani, sasa mmenitisha kweli. Nashukuru. @FundiKihonda hiyo oili ya breki nimeichungulia leo, ina rangi kama chai ya rangi iliyokolea. Kwenye kopo la dukani ni kama maji yenye unjano kidogo. Ni shida?

Na hakuna aliyegusia kuyumba. Jirani ananiambia tosheni baa za mbele (zile fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi) zikazwe na nyuma niongeze jani moja la springi, gari litainuka na litaacha kuyumba. Ni kweli gari limekaa chini nyuma, tena upande wa kulia zaidi.

---

FundiKihonda

Chai ya rangi ni shida ndiyo. Oili ya breki inavuta maji kutoka hewani hata gari likiwa limelala. DOT 3 (hayo ni madaraja ya oili ya breki) mpya inachemka nyuzi 205, ikishanywa maji kidogo tu, chini ya asilimia 4, inashuka mpaka 140. DOT 4 mpya 230, ikinywa maji 155. Kwenye mteremko mrefu kalipa inafika huko bila shida, maji yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, oili haibanwi, ndo pale pedali inaenda chini kama mwenzetu wa Nanyuki. Badili yote, weka DOT 4, na baadaye kila miaka miwili hata kama hujaenda popote.

Jirani yako muache na springi zake kwanza. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Gari kuendelea kusalimia baada ya tuta ni shokapu zimekufa, ukiongeza jani bila kubadili shokapu litaendelea kuruka tena kwa ugumu zaidi, watoto watatapika nyuma. Kukaza tosheni baa kunainua pua ya gari ndiyo, ila unaiba nafasi ya tairi kushuka kwenye shimo na pembe za matairi zinabadilika, lazima ukapime alaimenti. Tosheni baa unakaza kurudisha urefu wa kiwandani, si kutafuta urembo.

---

dada_kempa (Hannover)

Habari zenu. Niko Ujerumani mwaka wa tisa sasa, nina Ducato kempa ya 1996 na huku magari haya yamejaa, ya wazee wastaafu hasa, yanasimama Oktoba mpaka Aprili, kilomita chache na kutu tele. Nakuongezea mawili matatu ambayo kaka zangu hawajasema.

La kwanza uzito. Kempa haijawahi kuwa tupu hata siku moja. Hiace ya mizigo ikishusha mzigo springi zinapumzika, yako imebeba makabati, vitanda, betri ya pili, friji na mtungi wa gesi usiku na mchana tangu 1998, hata ikiwa imepaki. Springi inachoka imesimama. Na kuinamia kulia angalia jiko na tenki la maji viko upande gani, mie nilipiga kelele kuhusu springi kumbe tenki la lita 80 liko upande mmoja, hizo ni kilo 80 ukijaza. Pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, ukiwa umemwaga maji, halafu ndo uamue. Tena tafuta mzani wa magari, hata wa kiwanda au ghala, upime mbele peke yake na nyuma peke yake ikiwa na watu wote na mizigo ya safari. Utashangaa. Watu watano na begi zao kwenye kempa iliyoundwa kwa wazee wawili wa Kijapani!

La pili, huku kwenye ukaguzi, kila miaka miwili kwa kempa kama yangu, wanakupandisha kwenye mashine ya rola wanasoma nguvu ya breki kila tairi. Tofauti ya kulia na kushoto kwenye eksili moja ikizidi asilimia 25 unarudishwa nyumbani. Mwaka juzi nilirudishwa, nyuma kulia ilikuwa kama haipo, na mie naendesha kila siku sijasikia kitu. Mguu hauwezi kukwambia. Kama Dar kuna gereji yenye rola, lipia hata mara moja.

La tatu matairi. Baba Tausi hujasema neno kuhusu matairi. Soma zile namba nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi (si ile DOT ya oili), kwa mfano 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Gari likitembea kidogo kashata (meno ya tairi) haziishi, unaona tairi "jipya" kumbe limekauka, na kempa ni nzito. Yakipita miaka kumi toa bila kujadiliana nayo.

Na uliza hilo gari lilikaa sehemu gani Japani. Kama ni kaskazini kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, lala chini uangalie mabomba ya chuma ya breki hasa pale yanapopita kwenye vishikizo, kutu inajificha hapohapo.

---

Mtoto wa Kurasini

Sawa nimekubali mie nimekosea, ila hapo mmeshamjazia orodha ya kununua gari lingine. Mwambieni aanzie wapi, si kila mtu ana hela za kubadili kila kitu kwa mpigo.

---

FundiKihonda

Hapo umesema ukweli Mtoto wa Kurasini. Mimi ningemwambia asimamishe kwanza ndo atembee, kuyumba kunavumilika ukienda 70. Kwa hiyo hosi, silinda za nyuma, kufumua kalipa na kuweka mipira mipya, oili yote, na ile valvu ya nyuma ilainishwe au ibadilishwe. Matairi yakiwa ya zamani nayo yanaingia hapohapo. Shokapu nne zifuate kabla ya safari kama mfuko unaruhusu. Bushi na boljointi (mipira na viungo vya matairi ya mbele) usibadili kwa kukisia, weka bari uzinyanyue, zenye mchezo ndo zinatoka, mpira uliopasuka juu juu tu bado unasubiri. Beringi za mbele fungua, toa grisi ya zamani, weka mpya, grisi ni bei ndogo. Springi za mwisho kabisa.

---

Baba Tausi

Wakuu nimerudi, siku kumi na mbili baadaye, naona niwape mrejesho maana mmenisaidia bure.

Nilihama fundi. Huyu mpya alitumia zile bolti za nane drumu zikatoka kama siagi. Nyuma kulia wili silinda imevuja ndani ya mpira, nje hakuna hata tone, liningi imelowa, nzima kwa unene lakini inang'aa kama kioo. Skrubu za kurekebisha zote mbili zimeganda. Mbele kulia pini ya chini ya kalipa tuliitoa kwa kupasha moto, yaani kulia kote mbele na nyuma hakukuwa kunashika sawasawa, ndo maana nilikuwa navutwa kushoto. Ile fimbo ya LSPV ilikuwa haisogei hata kwa nyundo, tukaivua tukailoweka siku mbili, imekubali lakini fundi kasema nitafute nyingine. Hosi zote mpya, oili DOT 4, pedali tuliwekea ubao, nyie wa Nanyuki asanteni sana.

Matairi… ya mwaka 2011. Yana kashata kama hayajawahi kuguswa na lami. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni anasoma namba kwa tochi ya simu, hakusema kitu, akaniangalia tu.

Dada wa Hannover, tenki la maji liko kulia pamoja na betri ya pili. Nimemwaga maji, tofauti imebaki sentimita moja tu. Springi nimeziacha.

Shokapu nimeweka mbili za nyuma, za mbele mwisho wa mwezi. Gari limebadilika, kwenye matuta linapanda linashuka linatulia. Swali la mwisho: kabla ya Disemba litakaa nyumbani karibu mwezi, nitakuwa mkoani kikazi. Nilipaki vipi lisirudi kulekule?

---

FundiKihonda

Hongera sana. Ukipaki usivute hendibreki, ndo inayogandisha shuu kwenye drumu hasa ukitoka kuosha gari. Weka P na matairi yawekee kigingi mbele na nyuma. Akibaki mtu nyumbani mwenye leseni aliendeshe kila baada ya wiki mbili, si kuwasha tu hapo uani, alitoe barabarani nusu saa ashike breki kwa nguvu mara kadhaa mpaka diski zijisugue kutu.

Na safari yenyewe, kwenda Kitonga unapanda, wasiwasi wako uwe kurudi, na kushuka Tukuyu. Zima O/D (ile gia ya juu kabisa) kabla mteremko haujaanza, shusha mpaka 2, injini ishike gari, breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi uachie ipoe, usiegemeze mguu juu yake kilomita nzima. Malori yakikupigia honi nyuma yaache yapite.

---

Baba Tausi

Nimekusoma fundi. Vigingi viwili vya mwarobaini nishachonga, viko chini ya kitanda cha watoto.